Kuirudia Kalamu ya Safari: Mfano wa Ibn Battuta

Ni nini humrudisha msafiri kwenye kalamu baada ya kimya cha miaka mingi? Ibn Battuta aliondoka Tangier mwaka 1325 na kuzuru Kilwa mwaka 1331, lakini kitabu chake kilikamilika mjini Fez mwaka 1355. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba maandishi aliyoyanakili makaburini Bukhara yaliporwa baharini. Kilichomzindua ni amri ya Sultani Abu Inan wa Moroko, pamoja na sikio la Ibn Juzayy aliyeandika kwa imla yake.

Athari ya msikilizaji huyo si ndogo. Kuhusu Kilwa, biashara haisemwi sana; kinachopewa nafasi ni ukarimu wa Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyemvulia fakiri wa Kiyemeni mavazi yake. Kisa hicho (kwa maoni yangu) kilifaa mno kusimuliwa katika baraza la mfalme.

Swali hilohilo linaikabili Safari za Wasuaheli ya mwaka 1901, ambamo Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Mhariri wake, Carl Velten, alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin.