Maji Moto Katika Nyumba Ndogo: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Julai ikifika, mkazi wa Nakuru hahitaji kuelezwa kwa nini maji ya kuoga hupashwa moto. Jiji letu liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Molo na Kuresoi baridi inazidi. Shida ya wengi ni nafasi: chumba kimoja Kaptembwo au Rhonda, bafu la kumtosha mtu mmoja kusimama, na paa ambalo ni la mwenye ploti.

Anza na ndoo. Mtu mzima huoga akatosheka kwa lita 20. Kuyatoa maji hayo kwenye nyuzi 16 hadi nyuzi 40 huhitaji zaidi kidogo ya nusu uniti ya stima. Kwa familia ya watu wanne, hizo ni uniti 2 na kitu kwa siku. Shawa ya umeme wala koili haikwepi hesabu hii, hata muuzaji akisemaje. Kinachotofautiana ni mahali kifaa kinapokaa, kasi yake na hatari yake.

Penye nafasi finyu, wengi huchagua shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, kwa kuwa haina tangi lake. Lakini shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23, ilhali soketi ya kawaida imeundwa kwa ampea 13, na nyaya za taa hubeba chini ya hapo. Fundi akikuambia ataiunganisha kwenye taa ya bafu, mkatalie. Shawa inahitaji laini yake kutoka kwenye boksi kuu, waya wa milimita mraba 4 au 6, swichi nje ya bafu, waya wa ardhini, na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Mtu aliyelowa, amesimama juu ya saruji yenye maji, hana kinga nyingine. Mwombe fundi akuonyeshe leseni ya EPRA kabla hajapanda ngazi, nawe mpangaji upate kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi.

Tarajia lita 3 hivi kwa dakika. Ukifungulia zaidi, maji yanapoa. Tangi nalo likae juu zaidi ya shawa, kwa sababu bila msukumo wa kutosha shawa nyingi haziwaki.

Koili ya kutumbukiza kwenye ndoo ni nafuu na haichukui nafasi. Usiitumie kwenye ndoo ya chuma, na ichomoe kwenye soketi kabla hujagusa maji, hata kwa kidole cha kuonja joto. Watoto wasiachwe nayo chumbani.

Mwenye paa lake afikirie sola. Nakuru iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo upande ambao paa linaelekea si hoja kubwa kama kivuli cha ghorofa ya jirani. Uzito ndio wa kuangaliwa: lita 150 ni kilo 150 kabla hujahesabu tangi lenyewe, na mbao za paa la mabati mara nyingi hazikupangiwa mzigo huo. Wakati mwingine stendi ya chuma kando ya nyumba ni salama zaidi.

Kipasha maji cha gesi kifungwe nje, ukutani, kamwe si ndani ya bafu. Jiko la makaa vilevile: usichemshie maji katika chumba kilichofungwa, wala usiliache humo usiku ili lipashe chumba joto. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na katika chumba kidogo hujaa haraka na kuua waliolala.

Kwa anayejenga sasa, bafu na jikoni vishiriki ukuta mmoja, na kipasha maji kikae hapo hapo. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 10 hubaki na zaidi ya lita moja ya maji, ambayo hupoa kila unapofunga mfereji.