Nyuzi za Kunasia Dhahabu

Dutumi, kule Kibaha mkoani Pwani, hakusikiki habari za migodi ya dhahabu. Lakini pwani nzima kuna kitu ambacho wachenjuaji wa Kanda ya Ziwa wanakitegemea kila siku, nacho ni kifuu cha nazi. Kikichomwa pasipo hewa, kisha kikapitishiwa mvuke kwenye joto kali, kifuu hugeuka punje nyeusi, ngumu, zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Machimboni huitwa kaboni tu, na kazi yake ni kukamata dhahabu iliyokwisha kuyeyuka.

Geita, Shinyanga au Chunya, mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, husafisha mchanga na kukusanya dhahabu kwa zebaki. Mchanga unaobaki ndio marudio, na ndani yake bado kuna chembe ndogo mno ambazo zebaki haikuzishika. Mwenye matangi huyanunua na kuyaloweka kwenye maji yenye sayanidi, njia ambayo John MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest waliipatia hataza mwaka 1887 huko Glasgow. Dhahabu huyeyuka, maji hupitishwa kwenye kaboni, kisha kaboni hupelekwa kwenye mtambo wa ilusheni ili dhahabu ivuliwe.

Kaboni ni imara, lakini haina haraka. Punje yake ina upana wa milimita moja hadi tatu, na dhahabu lazima ipenye ndani kabisa ya vitundu, kazi inayochukua saa nyingi. Mafuta na uchafu huviziba, hivyo punje huhitaji kuchomwa upya kwenye nyuzi joto 700 hivi.

Hapo ndipo wanakemia walipogeukia nyuzi. Akriliki, ile ya sweta na mablanketi, ni polimeri iitwayo poliakrilonitrili. Uzi wake mmoja unaweza kuwa na unene wa sehemu ya hamsini tu ya milimita, kwa hiyo dhahabu haina safari ndefu ya kwenda. Uzi huo ukichemshwa pamoja na kemikali zenye amini, minyororo yake huota vikundi vya naitrojeni. Kwenye maji ya asidi, vikundi hivyo hubeba chaji chanya, na dhahabu iliyoyeyushwa kwa klorini, yenye chaji hasi, huvutwa kwenye uzi. Maji ya manjano hufifia huku uzi ukikolea rangi. Mara nyingi uzi wenyewe huirudisha dhahabu kuwa metali. Mwishowe huoshwa kwa thiourea, au huchomwa ikabaki dhahabu.

Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha ETH Zürich nchini Uswisi walitumia nyuzi za namna nyingine, za protini ya maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini. Walizifanya sponji, wakaitumbukiza kwenye asidi iliyoyeyusha metali za mbao mama 20 za kompyuta chakavu. Walipata kipande cha miligramu 450, chenye ubora wa karati 22. Habari hiyo inatuhusu sana sisi tunaotupa simu mbovu jalalani, maana tani moja ya simu ina dhahabu nyingi kuliko tani ya mawe ya migodi mingi.

Kwenye marudio, hata hivyo, mambo ni magumu zaidi. Maji ya sayanidi lazima yawe na alkali, la sivyo hutoa gesi inayoua. Na kwenye alkali amini za kawaida hupoteza chaji yao. Uzi wa kutumika huko unahitaji vikundi vyenye nguvu zaidi, kama vya guanidini. Kuna pia shaba, zinki na chuma, ambavyo navyo huyeyuka na kugombea nafasi. Kwa hiyo jaribio lenye maana kwa Tanzania ni lile litakalofanywa kwenye maji ya tangi halisi la Geita au Chunya, uzi ukipimwa sambamba na kaboni: dhahabu uliyoshika, muda uliotumia, na mara ngapi unarudiwa kabla ya kukatika. Sayanidi inayobaki kwenye maji hayo uzi hauiondoi. Mwenye tangi bado atatakiwa kuivunja kabla maji hayajafika kisimani kwa jirani.