Kutoka Garsen hadi JKIA: Treni itakufikisha Syokimau, je, ndege itakungoja?

Tiketi ya ndege iko kwenye simu. Pasipoti iko mfuko wa ndani. Shangazi ameshalia, nyanya ameshakuombea dua, na mdogo wako ameanza kuuliza utamtumia nini. Umesimama Minjila alfajiri, pale jirani na Garsen, unangoja basi la Mombasa. Mbele yako kuna takriban kilomita 700 hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na kila mtu nyumbani ana ushauri kuhusu safari hiyo isipokuwa kipande kimoja: zile kilomita chache za mwisho kati ya treni na ndege.

Ndugu yangu, hizo chache ndizo zinazoumiza watu.

Nalijua hilo kwa sababu lilimpata binamu yangu. Alikuwa amepata kazi ya hoteli Doha. Nyumbani waliuza mbuzi, wengine wakachanga, akapanda basi, kisha treni, akashuka Syokimau usiku akiwa na sanduku moja na furaha tele. Alipofika kaunta, mhudumu alitazama tiketi, akamtazama yeye, akamwambia kwa upole: "Dada, ndege yako iliondoka jana usiku." Tiketi ilisema Ijumaa, 01:30. Yeye alifika Ijumaa jioni, akijiona amewahi sana.

Kwa hivyo kabla hujafunga sanduku, tukae chini tupige hesabu pamoja.

Soma saa kabla ya kusoma ramani

Sisi wa Pwani tumelelewa na saa ya Kiswahili. Saa za mchana tunazihesabu tangu jua likichomoza, na za usiku tangu likizama. Tiketi ya ndege haijui hayo. Kwake siku inabadilika saa sita kamili za usiku. Kwa hivyo Ijumaa 01:30 ni saa saba na nusu usiku, yaani usiku ule ule ambao Alhamisi imeisha. Ukitaka kuipanda ndege hiyo, ni lazima uwe uwanjani Alhamisi usiku.

Ndege nyingi za kwenda Ghuba na Ulaya huondoka Nairobi usiku, kwa hivyo mtego huu si wa mtu mmoja. Fanya hivi: chukua kalamu, andika kwa maneno yako, "Naondoka nyumbani siku fulani, napaswa kuwa JKIA siku fulani saa fulani." Mwonyeshe mtu mwingine aliyewahi kusafiri. Mkikubaliana, basi.

Sasa rudi nyuma hatua kwa hatua. Ndege ya kimataifa inakutaka uwanjani saa tatu kabla. Ya 01:30 inakutaka saa nne na nusu usiku wa Alhamisi. Je, ni treni gani itakufikisha kabla ya hapo?

Treni tatu, na kila moja ina tabia yake

Madaraka Express ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 472. Kwa ratiba iliyozoeleka, kuna treni ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo vya njiani kama Mariakani, Voi, Mtito Andei na Emali. Kuna ya saa tisa alasiri, inayokimbia zaidi na kufika Nairobi baada ya saa mbili usiku. Na kuna ya saa nne usiku, inayofika kabla ya alfajiri. Ratiba hubadilika, kwa hivyo ithibitishe siku unayokata tiketi.

Kwa ndege ya saa saba na nusu usiku, ile ya alasiri inawezekana, lakini haikuachii nafasi kubwa ya kukosea. Ya asubuhi inakufikisha Nairobi mchana, ukaketi, ukala, ukapumua. Ukiniuliza mimi, mtu anayesafiri mara ya kwanza apande ya asubuhi. Kukaa uwanjani saa nyingi kunachosha, ndiyo, lakini hakuna aliyewahi kulipishwa tiketi mpya kwa sababu ya kuchoka. Ya usiku iachie ndege za mchana wa siku inayofuata.

Tiketi ya daraja la kawaida ni Sh1,500 tangu nauli zilipopandishwa Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa Sh1,000. Ikate mapema, kwa simu au mtandaoni, kwa nambari ya kitambulisho chako mwenyewe. Wakati wa likizo na sikukuu viti huisha siku kadhaa kabla. Usiende Miritini ukitumaini kubahatisha.

Garsen hadi Miritini: hapa mto ndio bosi

Garsen hadi Malindi ni kama kilomita 110, na Malindi hadi Mombasa kama 120. Kwenye karatasi ni safari ya asubuhi moja. Lakini wewe ni mtoto wa Tana River, unajua karatasi na barabara si kitu kimoja.

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, na mafuriko mengine ya Aprili na Mei 2024, zilitufunza adabu. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ilimezwa na maji upande wa Gamba. Kule juu, karibu na Madogo, njia ya Garissa ilikatika, watu wakavushwa kwa boti, na boti moja ikapinduka na kuua. Mto ukifura, hautaki kujua una ndege saa ngapi.

Hata bila mafuriko kuna vizuizi vya polisi ambapo mnashuka na kuonyesha vitambulisho. Ukishapita Kilifi unakutana na msongamano wa Mtwapa, ambao unaweza kula saa nzima ukiutazama tu. Halafu stesheni yenyewe haiko kisiwani. Iko Miritini, nje ya mji, na unahitaji matatu au teksi nyingine kufika huko.

Kwa hivyo usijaribu kuondoka Garsen asubuhi na kupanda treni ya alasiri siku hiyo hiyo. Kuna waliofaulu, najua. Ni wale wale ambao hadithi zao huwa tunasimuliwa. Wewe ondoka siku moja kabla, ulale kwa jamaa Kisauni, Mtwapa au Changamwe. Msimu wa mvua, ongeza siku nyingine.

Kuna na njia ya pembeni ambayo wengi hawaijui. Ukiwa na mwenyeji Kilifi, si lazima uende Mombasa kabisa. Kutoka Mavueni kuna barabara inayopitia Kaloleni hadi Mariakani, na treni ya asubuhi husimama Mariakani. Unaikwepa Mtwapa, unaukwepa mji. Hakikisha tu tiketi yako inasema unapandia Mariakani, na uulize usiku uliotangulia kama matatu za mapema zipo.

Miritini fika saa moja na nusu kabla. Mizigo hupangwa chini kwa safu mbwa wa polisi wainuse, kisha inapita kwenye mashine. Kisu cha kumenyea embe, hata kiwe kidogo namna gani, kitabaki hapo. Ile samli ya nyanya ifunge vizuri ndani ya sanduku kubwa, si kwenye begi la mkononi, kwa sababu uwanja wa ndege hauruhusu vimiminika vingi mkononi na utalia ukiona inatupwa.

Syokimau: hapa ndipo mchezo ulipo

Treni inasimama. Watu zaidi ya elfu moja wanasimama kwa pamoja, kila mtu anavuta sanduku. Nje, wenye teksi wanaita, "Tao! Tao! Airport!" Ni giza. Huijui Nairobi. Uwanja wa ndege uko karibu kiasi kwamba unaziona taa za ndege zikipaa, na bado hakuna reli inayokwenda pale.

Una njia tatu.

Ya kwanza ni teksi, ya programu ya simu au ya kukubaliana mdomoni. Usiku, ukiwa na mzigo, hii ndiyo njia yako. Tenga pesa zake kabla hujatoka nyumbani, usizichanganye na za chakula. Angalia bei kwenye programu ukiwa bado ndani ya treni, ili mtu asikutajie bei ya mgeni. Barabara ya Expressway, iliyofunguliwa 2022, ina kituo cha SGR na kingine cha JKIA, lakini inalipiwa. Uliza mapema, "Hiyo bei ina ada ya Expressway ama bado?" Swali hilo peke yake linamwambia dereva kwamba hukuzaliwa jana.

Ya pili ni kuungana. Abiria wawili watatu wa ndege hawakosekani kwenye behewa. Salimiana nao mapema, mkifika Athi River mnajua nani anakwenda JKIA. Mnagawana nauli, na mnalindana.

Ya tatu ni ya mchana, na ya mtu mwenye begi jepesi. Kuna treni ya abiria inayotoka kituo cha SGR hadi stesheni kuu ya zamani katikati ya mji. Ukishuka hapo unatafuta matatu nambari 34, inayokwenda uwanja wa ndege. Ni nafuu kuliko teksi kwa mbali, lakini elewa unachofanya: unaupita uwanja, unaingia mjini, halafu unarudi ulikotoka kupitia foleni ya jioni. Ikiwa ulifika na treni ya asubuhi na ndege yako ni ya usiku, sawa. Ikiwa ulifika saa mbili usiku, hapana. Kabisa.

Dereva yeyote umwambie jina lote: "JKIA, Embakasi." Nairobi ina uwanja mwingine, Wilson, barabara ya Lang'ata, ambako ndege nyingi ndogo za Lamu hutua. Kisha soma tiketi uone jengo lako. JKIA ina majengo kadhaa, 1A, 1B, 1C na mengine, na Terminal 2 iko peke yake. Kwenye lango la kuingilia mtashushwa garini, mpite kwa miguu kwenye ukaguzi huku gari likikaguliwa kando. Usiogope, ni kila mtu. Shika simu, pasipoti na pesa mwilini, na ukariri nambari ya gari kabla hujashuka, maana sanduku lako limebaki ndani.

Hivi kwa nini hakuna treni?

Swali zuri. Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau, na tangu siku hizo kumekuwa na mazungumzo ya kuifikisha reli uwanja wa ndege. Miaka mitano baadaye ikaja SGR, ikajengewa stesheni kubwa ya kupendeza papo hapo Syokimau, na kipande hicho kikabaki vile vile.

Wenzetu wamefanya. Johannesburg ilifungua Gautrain Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, ikiunganisha uwanja wa O. R. Tambo na Sandton, na baada ya miaka miwili treni hiyo ikafika Park Station, ambako treni za masafa marefu huingia. Casablanca nayo, unashuka kwenye ndege unaingia treni chini ya jengo lile lile.

Mwenye gari hana shida na pengo hili, na mtalii ana mtu wa kumpokea na kibao chenye jina lake. Anayelipia ni kijana wa Garsen, Hola au Kipini, aliyehesabu nauli hadi shilingi ya mwisho na kukuta kwamba kilomita chache za mwisho zinaweza kugharimu sawa na zile 472 za treni. Hata kabla ya reli, basi moja linalongoja kila treni na kwenda moja kwa moja JKIA, kwa nauli iliyoandikwa ubavuni, lingetosha kumwondolea mtu hofu. Hilo si ombi la ajabu.

Mpaka siku hiyo, panga mwenyewe

Binamu yangu alirudi Mombasa, akakaa kwa mama mdogo wiki mbili akiona aibu kupiga simu nyumbani. Aliyempigia ni nyanya. Alimwambia, "Mwanangu, kupotea njia ndiyo kujua njia. Rudi hivyo hivyo ulivyokwenda, lakini safari hii hesabu siku." Mchango ukazunguka tena, mdogo zaidi na wa polepole zaidi.

Mara ya pili alipanda treni ya asubuhi. Ndani ya behewa akapata wasichana wawili wa Kwale wanaokwenda Jeddah, wakashuka pamoja, wakachukua teksi moja. Alifika uwanjani jua bado lipo. Alinitumia picha akiwa amekaa juu ya sanduku lake nje ya jengo, ndege yake ikiwa bado saa tisa nzima mbele.

Chini ya picha aliandika: "Nimewahi mpaka wanadhani nafanya kazi hapa."