Ghuba ya Berkeley na Watu wa Vyombo

Mgeni atokaye miji mikubwa, akiisha kuzuru Lamu na Mombasa, ashukapo Sio Port au Port Victoria, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, huuliza kwa kejeli iko wapi bandari yenyewe, maadamu haoni ngome, wala msikiti wa kale, wala mlango wa nakshi. Nasi wa Merikit, mashariki mwa Uganda, watu wa ng'ombe na wimbi, ambao dada zetu wameolewa na Wasamia wa ufuoni, swali hilo hutukera kana kwamba tumeulizwa kama tuna kwetu.

Tarikhi ipo. Wapima njia wa Kiingereza waliopita mwaka 1892 walikusudia reli itokayo Mombasa iishie katika Ghuba ya Berkeley. Shauri likageuka, reli ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na Port Victoria ikabaki na jina la malkia bila gari moshi. Na kabla ya Mwingereza, Wasamia walikuwa wakiyeyusha chuma cha vilima vyao na kufua majembe yaliyolipiwa mahari na kutafutwa na majirani wa bara na wa ziwani.

Walakini atakaye kuijua ghuba hii asianzie katika mawe. Na apande chombo Majanji alfajiri, amsihi nahodha afuate ufuo pole pole kuvuka mlango wa mto Sio, mahali ambapo mpaka wa Kenya na Uganda hupita ndani ya ukoo mmoja, naye atakutana na mashua za omena zikirejea, taa zimezimwa, mabaharia wamejifunika makoti, nyavu zingali zikichuruzika maji. Omena, ambayo Waganda huiita mukene, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Kwa hiyo mwezi uangazapo watu hawaendi ziwani, na siku hizo ndizo za kushona nyavu, kuzuru wakwe na kumaliza kesi za ukoo, hata mshenga mwenye akili hatumi neno la posa kabla ya kutazama mbingu.

Chombo kitiapo nanga, kuna adabu yake. Mwenye mashua hutwaa fungu lake na la nyavu, mabaharia hugawana linalosalia, lakini kabla ya hesabu hiyo kila mmoja hutengewa samaki wa mboga wa nyumbani kwake, na mzee aliyeshika ubavu wa mashua kusaidia kuivuta mchangani, hata kama mkono wake haukuongeza nguvu yoyote, haondoki mikono mitupu. Baadaye akina mama huianika omena juu ya nyavu kuukuu, wakiigeuza na kuipepeta mchanga, na jioni huipima kwa gorogoro, kopo la kupimia. Mtazame muuzaji: hujaza kopo, huliinamia, hulizungushia viganja viwili mdomoni liwe kama ukuta, ndipo humimina tena hadi kilele kisimame, kisha, akiisha kulimwagia mfukoni mwa mnunuzi, huongeza konzi ya nyongeza. Wachuuzi wa mjini wapimao kwa mizani wanasema huo ni ubadhirifu. Sijui wao hupata wapi wateja wa kudumu.

Miiko ya mwanamke kukanyaga chombo inapungua, sitaisemea. Na yale ya samaki kulipiwa kwa mwili, ambayo waandishi wa mbali hawachoki kuyaandika kana kwamba ufuoni hapana jingine, ni matunda ya ufukara, wala si mila ya mtu yeyote.

Kinachonisikitisha ni chombo kidogo. Mwaka 2017, upande wa Uganda, jeshi lilikabidhiwa ulinzi wa ziwa, na mashua isiyotimia futi 28 ikawa haramu. Nyingi zilichomwa mbele ya wenyewe. Kwamba samaki wamepungua, hususan mbuta, hakuna mvuvi akanaye, na Kenya nayo hufunga uvuvi wa omena kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai, jambo ambalo wazee wengi hulikubali kwa manung'uniko tu. Lakini mtumbwi mdogo haukuwa wa kuvulia peke yake: ndimo mtoto wa miaka saba alimofundishwa na babu yake kasia, upepo na kina cha maji, karibu na matete, pasipo hatari. Sasa kijana hupanda mashua kubwa yenye mashini akiwa hajui hata kupiga kasia, na mashini ikizima katikati ya ghuba humngoja mtu wa kumvuta, ilhali babu yake angalifika nyumbani kwa mikono yake.