Lensky katika E maina: mwendo, ufunguo na huzuni ya opera ya Kirusi

Baadhi ya programu za kusikilizia muziki zina tabia ya kuibandikia kila rekodi taarifa tatu: mapigo kwa dakika, ufunguo, na hali. Aria ya Lensky kutoka opera ya Eugene Onegin hupewa vibandiko vinavyosomeka kama cheti cha daktari: polepole, E maina, huzuni. Ufunguo ni sahihi. Hesabu ya mapigo haina faida kubwa. Huzuni ipo kweli, ila haitoki pale programu inapodhani.

Pyotr Tchaikovsky alianza opera hii mwaka 1877, akiichota kwenye riwaya ya kishairi ya Pushkin, na sehemu aliyoitunga kwanza ni usiku ambao Tatyana, msichana wa mashambani, anamwandikia Onegin barua ya mapenzi. Aliiita kazi yake mandhari ya kiliriki badala ya opera, akaogopa kuwapa waimbaji wakubwa waliozoea madoido. Ndiyo maana walioionyesha mara ya kwanza jijini Moscow, Machi 1879, walikuwa wanafunzi wa chuo cha muziki, wakiongozwa na Nikolai Rubinstein. Hadithi yenyewe ni fupi: Onegin anaikataa barua; baadaye, kwa kuchoshwa tu na sherehe, anacheza na mchumba wa rafiki yake Lensky, aliye mshairi; Lensky anamwita kwenye pambano la bastola. Alfajiri, kwenye theluji, akimngoja Onegin aliyechelewa, anaimba aria hii. Dakika chache baadaye amekufa.

Sasa tuje kwenye ufunguo, na hapa waliopita kwenye kwaya watanielewa haraka. Katika usiku ule wa barua, Tatyana anafika mahali anapojiuliza kama Onegin ni malaika wake wa ulinzi au mlaghai. Muziki uko katika D bemoli meja, na kiini cha tuni ni noti sita zinazoshuka: mi, re, do, ti, la, so. Lensky naye, anapojiuliza siku inayokucha imemwekea nini, anashuka noti sita, tena kuanzia noti ya tatu ya skeli hadi ya tano iliyo chini yake, sawasawa na Tatyana. Tofauti ni kwamba tumehamia E maina, ambako la ndiyo nyumbani, kwa hiyo noti zake zinasomeka do, ti, la, so, fa, mi. Ziimbe zote mbili kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine, utasikia kilichotendeka: njia ambayo msichana aliipitia akiwa na tumaini, kijana anaipitia akielekea kaburini.

Msikilizaji aliyekaa tangu tendo la kwanza huichukua kumbukumbu hiyo masikioni hata kama hajui kusoma noti. Kwa hiyo si maina peke yake inayoliza. Maina peke yake hailizi mtu. Nyimbo ngapi za msiba za kwaya zetu ziko katika meja, na watu hulia vilevile? Aria ya Lensky ikisikilizwa peke yake kwenye orodha ya nyimbo za usiku ni nzuri. Ikisikilizwa baada ya barua, ni mbaya kwa namna ambayo hakuna kibandiko kinachoifikia.

Kuhusu mapigo nitasema machache. Programu mara nyingi hukosea maradufu: mwendo wa 60 ukaandikwa 120. Hata zikipatia, tenori wa Kirusi haimbi aria hii kwa saa ya ukutani. Analivuta neno, okestra inamngoja, kisha wanakimbia kidogo kufidia. Sergei Lemeshev, aliyemwimba Lensky zaidi ya mara 500, ana uvutaji wake. Ivan Kozlovsky, mshindani wake kwenye ukumbi wa opera wa Bolshoi, ana wake, na mashabiki wao waligawanyika kama wa timu za mpira. (Mimi ni wa Lemeshev, na sijadiliani.) Ukitaka kusikia mwendo usiovutika, subiri kidogo baada ya aria: Lensky na Onegin wanaimba maneno yaleyale kwa kufuatana, mmoja nyuma ya mwenzake. Hapo mmoja akijivutia wimbo, wote wawili wanapotea. Marafiki wa zamani wanafikiri jambo moja na hawawezi kulisema pamoja.

Utata mkubwa uko kwenye sahani za zamani za santuri. Leonid Sobinov, Lensky aliyesifika sana kabla ya mapinduzi ya Urusi, alirekodi mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ambayo upande mmoja wa sahani haukubeba zaidi ya dakika nne na ushei. Aria ndefu ilikatwa au ikakimbizwa. Halafu, ingawa tunaziita sahani za mizunguko 78 kwa dakika, nyingi zilirekodiwa kwa kasi nyingine. Sahani iliyorekodiwa kwa mizunguko 74 ikichezwa kwa 78, muziki unapanda karibu nusu toni nzima: E maina inakuwa kama F maina, dakika nne zinapungua kwa sekunde 12 hivi, na tenori anasikika mwembamba, mwenye haraka, karibu mtoto. Ufunguo, mwendo na hali vimebadilika kwa pamoja, na mwimbaji hajafanya lolote.

Mafundi wanaozihamisha sahani hizo kwenda dijitali hutumia ujanja wa kurudi nyuma: wanajua aria imeandikwa katika E maina, kwa hiyo wanapunguza kasi hadi E maina isikike. Lakini waimbaji wa enzi ile walikuwa na ruhusa ya kushusha wimbo nusu toni siku sauti ilipogoma, na hilo halikuandikwa kwenye sahani. Hapo fundi hulinganisha rekodi nyingine za mwimbaji yuleyule, anasikiliza mtetemo wa sauti na umbo la irabu, kisha anachagua kasi ambayo koo lile linasikika kuwa la mtu mzima.