Mkia wa Paka Husema Kabla ya Meno

Jioni, mkeka ukishatandikwa na chakula kuandaliwa, paka wa nyumbani huja taratibu, mkia ukiwa wima, akajisugua miguuni pa wenyeji wake. Mtoto humpapasa kichwa, kisha mgongo, kisha tumbo. Paka hutulia kwa muda. Halafu mkia huanza kupigapiga sakafu, ngozi ya mgongo hutetema, masikio hugeukia nyuma. Mtoto haoni lolote; huendelea kupapasa. Mara mkono una matundu ya meno, mtoto analia, na watu wazima wanasema kuwa paka huyo ni mnafiki, amebadilika ghafla.

Kwa hakika hakubadilika ghafla. Alionya kwa mkia, akaonya kwa ngozi, akaonya kwa masikio, wala hapakuwa na aliyemwelewa. Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kuyatambua mawingu hayo si jambo la wapenzi wa wanyama peke yao, bali ni sehemu ya kinga, kwa kuwa jeraha dogo la paka laweza kuleta maradhi makubwa.

Lugha ya mkia

Mkia wa paka ni mwendelezo wa uti wa mgongo, wenye pingili zipatazo ishirini na misuli mingi midogo. Humsaidia kujimudu anapopita juu ya ukuta, na vilevile huonyesha hali ya moyo wake.

Mkia uliosimama wima, ncha ikiwa imejikunja kidogo, ni salamu ya urafiki. Ndivyo watoto wa paka wanavyomwendea mama yao. Mkia ulioshushwa na kufichwa chini ya tumbo ni alama ya hofu. Mkia uliofura ukawa mnene kama brashi ya kuoshea chupa ni hofu kuu: neva na homoni ya adrenalini husimamisha manyoya, kama vile vinyweleo vya binadamu vinavyosimama anaposhtuka. Paka wa namna hiyo hupinda mgongo na kusimama kiubavu ili aonekane mkubwa. Charles Darwin alilieleza umbo hilo mwaka 1872 katika kitabu chake kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia.

Mkia unaopigwa huku na huko kwa nguvu ndio unaowapotosha wengi. Mbwa atikisapo mkia, aghalabu amefurahi. Paka afanyapo hivyo, amekereka. Mkono hauna budi kuondolewa hapo hapo.

Mwili mzima usomwe

Mkia pekee hautoshi. Masikio yaliyoelekea mbele huonyesha utulivu au udadisi. Yaliyolazwa kando au nyuma huonyesha hofu au hasira. Mboni za macho hupanuka paka anapoogopa, lakini hupanuka pia gizani na wakati wa mchezo. Paka anayelala chali haombi kupapaswa tumbo. Mara nyingi anaonyesha kuwa anajiona salama, na mkono ukimgusa hapo huenda akaushika kwa kucha. Hata sauti ya kukoroma kooni, ambayo wengi huichukua kuwa furaha, hutolewa pia na paka aliye katika maumivu.

Binadamu naye aweza kuizungumza lugha hiyo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa mtu akimtazama paka na kufumba macho polepole, paka huelekea kumjibu kwa kufumba yake, na huwa mwepesi zaidi wa kumkaribia hata akiwa mgeni.

Jeraha lisidharauliwe

Meno ya paka ni membamba na makali. Huingia ndani hadi kwenye kano na viungo, hasa vya mkono, na kuacha tundu dogo linaloziba mapema, bakteria wakiwa wamefungiwa ndani. Aliye maarufu miongoni mwao ni Pasteurella multocida, ambaye aweza kuvimbisha mkono katika muda usiozidi siku moja. Mkwaruzo nao huweza kupitisha Bartonella henselae, bakteria anayeenezwa baina ya paka na viroboto; mgonjwa huvimba tezi za kwapa au shingo na kupata homa. Kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua, ugonjwa huo huwa mzito zaidi.

La kutisha kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Ingawa mbwa ndiye mwambukizaji mkuu wa binadamu, paka naye huugua na kuambukiza. Hapa lugha iliyoelezwa huvurugika: paka mpole hushambulia bila kuonya, au paka mwitu husogelea watu bila woga, huenda akatokwa na mate, akayumba, au sauti yake ikabadilika. Paka wa namna hiyo asiguswe. Mwenye nyumba amwarifu daktari wa mifugo. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Kwa hiyo kila aliyeumwa au kuparurwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apake dawa ya iodini kama ipo. Asipake majivu, pilipili wala majani. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, ili ipimwe haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kingamwili zake, kinga ya pepopunda na dawa za kuua bakteria.

Mhudumu wa afya, kwa upande wake, aulize: Paka alichokozwa? Alionyesha dalili gani kabla ya kuuma? Amechanjwa? Yuko wapi sasa? Paka aonekanaye mzima huweza kuangaliwa kwa siku 10, lakini matibabu ya mtu yasisubiri siku hizo ziishe. Jibu kwamba paka alichokozwa lisitoshe kumrudisha mgonjwa nyumbani bila chanjo.

Elimu ianzie mkekani

Mtoto afundishwe kumwacha paka aje mwenyewe, kumgusa kidevu na mashavu badala ya tumbo, kutomsumbua anapokula, anapolala au anaponyonyesha, na kuacha mara mkia unapoanza kupigapiga. Mzazi naye ahakikishe kuwa paka wa nyumbani amechanjwa. Vilevile asimgombeze mtoto anayesema ameparurwa, kwani mtoto aogopaye kugombezwa huficha jeraha, na jeraha lililofichwa halioshwi.