Kidonge Hakikuniondolea Imani

Ndugu msomaji, baridi ya Nakuru si baridi ya kwetu Mombasa. Mji huu uko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri upepo hushuka kutoka Menengai ukamfanya mtu wa pwani ajikunyate kama kuku aliyenyeshewa. Lakini alfajiri ninayotaka kukusimulia, ya mwezi wa Oktoba 2018, si baridi iliyonizuia kitandani. Adhana ya msikiti wa mtaa wetu wa Bondeni niliisikia neno kwa neno, na nisiweze kuinua mkono kuliondoa blanketi. Usingizi ulikuwa umenihama tangu saa nane za usiku. Nililala macho wazi, machozi yananichuruzika, na lau ungeniuliza ninalilia nini, nisingekuwa na jibu.

Nilikuwa mtu mzima wa miaka 41, mwenye mke na watoto watatu, na duka la leso na vitambaa lililonipa riziki ya halali. Sikuwa na deni. Sikuwa nimefiwa. Hata hivyo kwa miezi mitatu moyo wangu ulikuwa mzito kama gunia la chumvi lililoingia maji. Chakula nilikiona kama majani makavu. Mara nyingine, nikiwa dukani napima kitambaa, moyo ulianza kunienda mbio ghafla, jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, nikaona roho ndiyo hiyo inatoka. Mara mbili nilikimbilia zahanati nikidhani ni maradhi ya moyo. Mara mbili nikapimwa, nikaambiwa moyo ni mzima, presha ni nzuri, nenda nyumbani ukapumzike. Nikarudi na aibu, kama mtu aliyejisingizia ugonjwa.

Walimwengu nao hawakosi la kusema. Rafiki mmoja aliniambia nimeacha nyiradi, ndiyo maana. Mwingine akaninong'oneza kuwa kuna hasidi aliyenifanyia jambo kwa ajili ya duka. Shemeji yangu, kwa nia njema, akanipeleka kwa mganga mmoja ambaye alitaka mbuzi mweusi na shilingi 15,000. Mbuzi akaenda, fedha zikaenda, na huzuni ikabaki palepale. Kilichoniuma kuliko vyote ni lile neno "imani haba", kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuliamini.

Aliyenitoa shimoni alikuwa maalim mmoja mzee wa hapo Bondeni. Alinisomea, akaniandikia kombe kwa zafarani, nikanywa. Siku ya tatu akanitazama kwa makini, akaniuliza:

"Mwanangu, jino likikuuma huwaje?"

"Huenda kung'olewa, maalim."

"Na dua husomi?"

"Husoma."

"Basi. Dua tumesoma na tutazidi kusoma. Sasa nenda hospitali. Yule bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, wadhani hadithi yake ni ya ngamia tu?"

Benchi

Nilikwenda, lakini nilikwenda kama mwizi. Nilivaa kofia ya sufu nikaishusha hadi kwenye nyusi nisitambuliwe na wateja wangu. Hapa Kenya, ukionekana umeketi nje ya chumba cha daktari wa maradhi ya akili, watu husema "huyo wa Mathari". Hospitali ile ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910, enzi za ukoloni, ikiitwa nyumba ya wendawazimu. Zaidi ya karne moja imepita na jina lake bado hutumiwa kumtukania mtu.

Kwenye benchi niliketi na mtu wa makamo kutoka Solai. Bila shaka unakumbuka msiba wa Solai, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilipopasuka, maji yakafagia nyumba na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Mtu huyu alikuwa mmoja wa waliobaki. Alinieleza kwa sauti ndogo kuwa kila mvua ikinyesha yeye husimama mlangoni mpaka asubuhi. Kisha akaniuliza: "Na wewe, ndugu yangu, umepatwa na nini?"

Nilitaka kutunga uongo. Nilitamani hata niwe nimefilisika, ili niwe na la kumwambia. Mwisho nikasema, "Mimi sina kitu. Nalia tu."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo nayo ni mbaya. Mimi angalau najua ninayemlilia."

Nilipoingia ndani nilimweleza daktari maneno hayo. Hakucheka. Aliniambia kuwa huzuni iliyopita kiasi na wasiwasi usiokwisha ni maradhi yanayotibika, na kwamba huweza kumjia mtu baada ya msiba, na huweza kumjia pasipo msiba wowote. Mwenye msiba wakati mwingine husaidiwa zaidi na mazungumzo na muda. Mwingine huhitaji dawa. Wengi huhitaji yote mawili.

Baadaye nilikuja kugundua kuwa maneno hayo si mageni kwetu Waislamu. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyeishi kati ya mwaka 850 na 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aliitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyojulikana sababu yake. Ile ya pili alisema chanzo chake kimo mwilini, na kwa hivyo itibiwe kwa kuutibu mwili. Na hospitali kubwa aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Mababu zetu katika dini walikuwa na tabibu wa huzuni karne nyingi kabla ya Mathari. Sisi ndio tuliosahau.

Vidonge vyenyewe

Dawa hizi ziligunduliwa karibu kwa bahati. Mwaka 1952, huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa mpya walianza kuchangamka na kula kwa hamu, ingawa mapafu yao bado yalikuwa mabovu. Mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa Uswisi akatangaza kuwa dawa iitwayo imipramini inawainua watu waliozama katika huzuni. Nyingine zikafuata. Fluoksetini, ambayo wengi waliijua kwa jina la Prozac, ilipewa idhini Marekani mwezi wa Desemba 1987.

Mimi nilianzishiwa amitriptilini, miligramu 25 kila usiku. Daktari alinionya mapema kuwa nisitarajie nafuu ya kesho. Dawa hizi hazifanani na Valium, ambayo humtuliza mtu saa ileile na ikitumiwa ovyo humfanya mtumwa wake. Hizi huchukua wiki mbili, tatu, nne, ndipo mtu aanze kuona tofauti, lakini maudhi yake huja siku ya kwanza. Pia vidonge hakunikabidhi mimi. Alimkabidhi mke wangu avifungie kabatini, kwa kuwa amitriptilini nyingi kwa mara moja huweza kuusimamisha moyo, nami nilikuwa nimemkiri daktari kwamba kuna usiku niliona afadhali nisiwepo duniani. Hilo sikuwa nimelitamka mbele ya mtu yeyote. Nilipolitamka, nilihisi kama mtu aliyetua mzigo wa makuti.

Maudhi yalikuja kweli. Kinywa kilinikauka nikawa nazungumza kama niliyekula ndizi mbichi. Choo kikawa taabu. Dukani nilisinzia mpaka mteja akanigongea meza. Usingizi wa usiku ulirudi, lakini mchana nikawa kama mlevi. Mwezi wa Desemba daktari akanibadilishia, akanipa fluoksetini, miligramu 20 kila asubuhi. Hiyo nayo ilinipa kichefuchefu, na wiki ya kwanza wasiwasi ulizidi badala ya kupungua. Nilitaka kuvitupa vidonge chooni. Mke wangu akasema, "Tumengoja mbuzi wa mganga. Tungoje na hiki."

Wiki ya nne, mama mmoja aliingia dukani akataka leso kwa bei ya kutupa. Tukavutana. Nikapandisha, akateremsha, akatoka, akarudi. Alipokwenda zake niligundua kuwa kwa miezi mingi nilikuwa nikiuza kwa bei yoyote niliyoambiwa, kwa sababu sikujali. Siku ile nilikuwa nimejali shilingi 50. Nilicheka peke yangu. Alfajiri iliyofuata blanketi liliondoka. Nilikwenda msikitini kwa miguu yangu, nikasujudu, nikalia, na safari hii nilijua ninalia kwa nini.

Nieleweke hapa. Kidonge hakikuswali badala yangu. Wala hakikunipa furaha ya bandia, kama nilivyoogopa. Kiliniondolea lile jiwe lililokuwa limeukalia mkono wangu, na mkono ni wangu mwenyewe niliouinua.

Ramadhani

Kosa langu lilikuja na nafuu yangu. Mwezi wa Mei 2019 niliteremka Mombasa kufunga Ramadhani kwa mama yangu, Kibokoni. Nilijiona nimepona. Nikaona haya kutoa vidonge mbele ya ndugu zangu wakati wa daku, waniulize ni vya nini. Nikaviacha. Sikumuuliza daktari, sikumuuliza shekhe. Wiki ya kwanza sikuona tofauti, wala ya pili, nikajisifu. Kumbe fluoksetini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, na ukiiacha hukudanganya kuwa huihitaji.

Baada ya Idi, mambo yakarudi. Usingizi ukanihama, moyo ukaanza mbio zake, na yale mawazo ya kuona afadhali nisiwepo yakarudi yakiwa na nguvu zaidi. Usiku mmoja mama alinikuta nimekaa gizani ukumbini. Nilimweleza yote, hospitali, vidonge, aibu yangu. Nilingoja aniambie nisome zaidi.

Mama aliinuka akaleta mkoba wake. Akatoa vidonge vyake vya presha.

"Mwanangu, miaka kumi sasa nameza hivi kila uchao. Umewahi kuniambia imani yangu haba?"

"La, mama."

"Basi kichwa chako na moyo wangu, kipi hakikuumbwa na Mungu?"

Kisha akaniambia jambo nililokuwa silijui. Alikuwa na dada yake aliyefariki nikiwa mtoto, na sisi tuliambiwa alikufa kwa homa. Kumbe alikaa miaka miwili katika chumba cha nyuma, hali, hasemi, haogi mpaka aogeshwe, na wageni wakija mlango hufungwa. "Tulimsomea kila tulichokijua," mama akasema. "Hakuna aliyetuambia kuwa kuna pahali pa kumpeleka. Na mimi niliona haya kuuliza." Mama yangu si mtu wa kulia ovyo. Usiku ule alilia.

Kesho yake alinisindikiza mwenyewe mpaka stesheni ya basi. Nilirudi Nakuru, nikarudi kwa daktari, nikaanza upya. Alinieleza kuwa mgonjwa akishapata nafuu huendelea na dawa kwa miezi sita angalau, na mara nyingi zaidi, ili maradhi yasirudi. Kisha hupunguza kidogokidogo chini ya uangalizi wa daktari. Nilimeza mpaka mwisho wa mwaka 2020, nikapunguza taratibu, na alhamdulillahi mpaka leo nimesimama. Yakirudi, nitarudi kwenye benchi lile, na kofia nitaiacha nyumbani.

Kuhusu kufunga, nililoogopa bure lilikuwa na njia. Kidonge kinachomezwa mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa daku au baada ya futari. Cha kulaza usingizi huweza kumezwa usiku baada ya tarawehe. Mwenye dawa za mara nyingi, au aliye mgonjwa sana, dini imempa ruhusa ya kula. Muhimu ni kwenda kwa daktari na kwa shekhe wiki chache kabla ya mwezi kuandama, usingoje usiku wa daku ya kwanza.

Nchi nayo imeanza kufunguka macho. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa ili kulinda haki za wagonjwa. Na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa ile sheria ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua inakwenda kinyume na Katiba. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe kwa tabibu.

Ndugu yangu msomaji, uliyeko Lamu, Malindi, Mombasa au Vanga, huenda nyumbani kwako kuna mlango wa chumba cha nyuma unaofungwa wageni wakija. Au huenda aliye nyuma ya mlango huo ni wewe mwenyewe. Soma dua wala usiiache. Kisha fungua mlango, umshike mkono mgonjwa wako, mtoke pamoja hadi hospitali. Mama yangu amekaa na majuto ya mlango ule zaidi ya miaka 30. Sipendi yampate mwingine.

Wabillahi tawfiki.